Ng'ombe Wetu Alivyozalia Zambia

Asubuhi za masika, kabla ukungu haujainuka, nyumba yetu ilinuka mavi mabichi ya ng'ombe, maranda ya mbao yaliyolowa, na moshi wa malori yaliyopanga foleni tangu jana yake yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Mgeni akifika alikunja pua. Sisi tuliokulia pale hatukujua kuwa ile ni harufu mpaka tulipokwenda kulala kwa watu wengine, tukakosa usingizi kwa sababu hewa yao ilikuwa tupu. Kisha zilifuata sauti. Jogoo wetu aliwika, na kabla hajamaliza alijibiwa na jogoo wa upande wa pili, wakapokezana hivyo mpaka kunakucha. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kati yao palikuwa na nchi mbili.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani, pembeni mwa Tunduma. Nyuma ya choo ilipita njia nyembamba ya udongo mwekundu, na kando yake ilisimama nguzo fupi ya saruji tuliyoiita bikoni. Ukiruka njia ile uko Nakonde, Zambia. Hapakuwa na uzio wala askari. Askari walikuwa kule barabarani kwenye malori. Baba alikuwa seremala, mzaliwa wa Mbebe kwenye milima ya Ileje, na aliamini kwamba mwanaume asiye na ng'ombe ni mpangaji tu hapa duniani. Mama alikuwa Mnamwanga wa hapahapa Tunduma, na imani yake ilikuwa kuku. Baba alipenda kumtania, "Kuku ni mali ya mwewe, mke wangu, wewe unamtunzia tu." Mama naye alimjibu huku akichambua mboga, "Mwewe hunibakishia. Ng'ombe wako akija, sijui kama atabakisha kitu." Mimi na kaka yangu Lusajo tulikaa katikati ya imani hizo mbili, na zote mbili zilitutuma kazi.

Kuku walikuwa kazi yangu. Walilala jikoni, juu ya maranda ambayo baba alileta kutoka karakana yake, na kila asubuhi niliwafungulia kwanza kabla sijanawa uso. Walitoka wakisukumana kama watoto wa shule saa ya uji. Nilifagia, nikawawekea pumba zilizochanganywa na mabaki ya ugali, kisha nikaanza kazi niliyoipenda kuliko zote, kutafuta mayai. Kuku wa kienyeji hatagi mahali unapotaka wewe. Mmoja alitaga kwenye kapu la nguo chafu, mwingine nyuma ya gunia la mkaa, na mwingine chini ya kitanda cha baba na mama, kwa hiyo methali ya mtaka cha mvunguni sharti ainame niliielewa kwa magoti kabla sijaisoma darasani. Mpaka leo sijapata kitu kinachofurahisha mkono kama yai lenye joto asubuhi ya baridi. Nililishika shavuni kidogo kabla ya kulipeleka kwa mama. Mayai ndiyo yaliyotununulia madaftari, sukari na mafuta ya taa, na siku mgeni wa heshima akija, jogoo mmoja alikosa bahati, nasi tukagombania shingo na miguu, kwa kuwa firigisi ilikuwa ya baba na haikuwa na mjadala.

Mwaka ule nilipokuwa darasa la nne, ng'ombe alifika. Dada yake baba aliolewa kule Mbebe, na katika ng'ombe wa mahari baba akapewa mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Alishushwa kwenye lori la magunia ya maharage akiwa na mimba changa na hasira kubwa. Lusajo aliuliza jina lake, na baba akasema hana jina, huyu ametokana na shangazi yenu. Tangu hapo tukamwita Shangazi. Shangazi mwenyewe, yule wa Mbebe, aliposikia alinuna, kisha akatuma salamu kwamba tumlishe vizuri basi, asije akakonda kwa jina lake.

Kumlisha hakukuwa jambo dogo. Tuliamka giza halijatoka vizuri, tukaenda kukata majani kwenye mitaro na kando ya mashamba ya watu, miguu ikifa ganzi kwa umande, kisha tukarudi tumejitwika mizigo inayochuruzika maji mgongoni. Shuleni dawati letu lilijulikana kwa harufu. Shangazi alikula majani, akala mabua, akala maganda ya ndizi tuliyookota sokoni, na siku moja akala nusu ya kanga ya mama iliyokuwa imeanikwa, ile aliyopewa na marehemu bibi. Mama aliuchukua upande uliobaki, akaukunja vizuri, akauweka kwenye meza mbele ya baba. Baba aliugeuzageuza. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," alisema mwishowe. Mama akasema, "Nundu ni mimi, au?" Usiku huo sisi tulicheka chini ya blanketi mpaka tukatishiwa fimbo.

Katika kuku wa mama alikuwepo mmoja mwekundu, shingo tupu, ambaye tulimwita Pasipoti. Asubuhi akifunguliwa alikunywa maji, akaruka njia, akaingia Zambia. Jioni alirudi. Mama hakujali, mpaka alipogundua kwamba kuku yule analia kilio cha kutaga lakini yai halionekani. Siku moja alimfuata, nami nikamfuata mama. Pasipoti alituongoza moja kwa moja hadi jikoni kwa BanaChanda, yaani mama yake Chanda, kama wenzetu wa upande ule wanavyoita watu. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kanisani, mumewe akifanya kazi mbali kwenye migodi. Tulimkuta amekaa kwenye kigoda, kando yake bakuli lenye mayai.

Mama alimsalimia, kisha akasema kwa upole kwamba kuku yule ni wake.

"Sikatai," BanaChanda alisema. "Lakini anakula huku, anashinda huku, anataga huku. Kwako anafuata nini, mukwai?"

"Kwangu anakuja kulala."

"Basi mayai ya mchana yawe yangu, ya usiku yawe yako."

"Kuku hatagi usiku."

"Hilo kamuulize yeye."

Mama aligeuka tukaondoka. Njiani alitema methali moja tu, mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea, akamfunga Pasipoti kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko. Tangu siku ile yeye na BanaChanda waliacha kusalimiana. Walipokutana kisimani kila mmoja aliutazama mdomo wa ndoo yake. Kwetu sisi watoto lilikuwa jambo la ajabu, maana wote wawili walikuwa Wanamwanga, walizungumza lugha moja, walisali kwa nyimbo zilezile, na kilichowatenganisha ni kuku asiyejua mipaka. Pasipoti naye hakukaa na kamba. Baada ya muda si mrefu aliikata, akaondoka, na safari hii jioni hakurudi. Mama alikataa kwenda kumuulizia. Alisema kama ni supu imekwisha kuwa supu.

Mvua zilipokolea, kideri kiliingia mtaani. Kilianza kwa jirani wa juu, na kabla hatujajua la kufanya kikawa kwetu. Asubuhi niliwafungulia kuku na hawakutoka. Walikuwa wamejikunyata, mabawa yamelegea, wengine wamepinda shingo kama wanaoangalia kitu darini, na mavi yao yalikuwa ya kijani. Mama aliwanywesha maji ya shubiri na pilipili kichaa, akawatenga, akawafunika kwa magunia. Hakuna kilichosaidia. Kila asubuhi tulizika wengine nyuma ya choo, na mimi niliyewajua kila mmoja kwa mwendo wake nilitaja majina yao shimoni mpaka Lusajo akaniomba ninyamaze. Akabaki jogoo mmoja aliyekonda na jiko lenye ukimya usiozoeleka. Mama hakulia. Alifagia maranda yote, akayachoma, akakaa kizingitini akiutazama moshi. Baba alikuja akasimama karibu naye. Nilidhani atasema lile la mwewe, lakini alisema, "Pole, mama Lusajo," akaingia ndani, akatoka na kigoda kingine, akakaa naye. Kesho yake alisafiri kwenda Chitete kufunga milango na madirisha ya nyumba ya mtu, kazi ya kama wiki mbili.

Siku hizohizo lilipita gari la matangazo. Kulikuwa na ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe, kwa hiyo hakuna ruhusa kuvusha mifugo mpaka, kutoka huku kwenda kule wala kutoka kule kuja huku, mpaka itakapotangazwa tena. Sisi halikutuhusu, tulidhani. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja, amefungwa kwenye kigingi kando ya banda lake nyuma ya nyumba, tumbo limemjaa hadi anatembea kwa kuyumba.

Jumamosi moja mvua ilinyesha tangu usiku. Asubuhi nilipokwenda na majani nilikuta kigingi kimeng'oka kwenye tope na nyayo zimeelekea njiani. Nilimwita mama. Tulizifuata nyayo zile, na tulikuwa tunaona zinakokwenda. Zilipita bikoni, zikavuka, zikaingia moja kwa moja kwenye bustani ya maboga ya BanaChanda. Ndani ya ukungu tulimwona kwanza yeye mwenyewe, amesimama na fimbo mkononi. Shangazi alikuwa amelala ubavu miguuni pake, kati ya maboga yaliyopondeka, akihema kwa nguvu. Mama alisimama. Nilimwona akitafuta maneno ya kuombea radhi, na najua yalikuwa yakimchoma.

BanaChanda alitupa fimbo chini. "Usisimame hapo, BanaLusajo," alisema kwa Kinamwanga. "Huyu anazaa, na anazaa vibaya. Chupa imepasuka zamani. Pua inaonekana na mguu mmoja. Mguu wa pili haupo."

"Mimi ni mtu wa kuku," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwenyewe yuko Chitete."

"Baba yangu alifuga, niliona akifanya. Ila mkono wangu huu hauingii, tazama ulivyo. Wako ni mwembamba. Chanda, lete maji na sabuni."

Basi mama yangu, ambaye hakuwahi hata kumgusa ng'ombe yule isipokuwa kwa kumfukuza kwenye kamba ya nguo, alikunja mkono wa blauzi, akajipaka sabuni ya mche mpaka begani, akapiga magoti kwenye tope. BanaChanda alikaa upande wa kichwa, akamshika Shangazi pembe huku akimwelekeza mama. Usivute, sukuma kwanza ndama arudi ndani. Ngoja akimaliza kusukuma. Sasa tafuta goti. Mama alifumba macho. Uso wake ulikuwa karibu sana na mkia, mvua inamtiririka kidevuni, na midomo yake ilikuwa inatembea, sijui kwa sala au kwa hesabu. Mimi nilishika mkia na Chanda akashika mguu wa nyuma. Nilikuwa nikiwaza mambo mawili tu, kwamba kuku wote wamekufa, na kwamba baba akirudi akute na ng'ombe hayupo, sijui nyumba yetu itakuwa ya namna gani.

"Nimeupata," mama alisema. Akaushika kwenye kwato, akauleta mbele taratibu. "Unakuja."

Kwato ya pili ilitokeza, nyeupe, laini kama gamba la yai lililochemshwa. Wakafunga kanga kwenye miguu yote miwili, wakavuta wote, BanaChanda akiwa ameacha pembe na kuja nyuma, na Shangazi aliposukuma mara ya mwisho ndama aliteleza akawaangukia, wote watatu wakalala chini kwenye maboga. Ndama hakuhema. BanaChanda alimfuta pua kwa kitenge chake, akang'oa jani la nyasi, akamchokonoa nalo puani. Hakuna. Akachokonoa tena. Ndama akapiga chafya. Mama aliketi kwenye tope akaanza kucheka, BanaChanda naye akacheka, wakacheka mpaka machozi, na nadhani machozi yale mengine yalikuwa ya kuku. Alikuwa ndama jike, mweusi kama mama yake.

Habari huvuka mpaka upesi kuliko watu. Adhuhuri alifika bwana mifugo wa upande ule, kijana mwenye buti za mvua. Alimwangalia Shangazi midomo na kwato, akaridhika kwamba ni mzima, kisha akatueleza kwa masikitiko kwamba pamoja na hayo hawezi kuruhusu arudi. Aliyeko Zambia abaki Zambia mpaka amri iondolewe.

"Mwanangu," mama alimwambia, "banda lake lile pale. Unaliona?"

Kijana alitazama. Paa la banda letu lilionekana waziwazi, juu yake jogoo wetu amesimama. "Naliona, mama. Ni karibu sana. Lakini amri haipimi umbali."

Mama alimgeukia BanaChanda. Sasa alikuwa hana la kushikilia. Mtu aliyekataa kumrudishia mayai ndiye angebaki na ng'ombe. BanaChanda alifuta mikono kwenye kitenge. "Atakaa kwangu," alisema. "Maboga ameshayamaliza. Atanitia hasara gani tena?"

Tulivuka kila asubuhi na majani kichwani, na mama alivuka na ndoo ya kukamulia. Maziwa yale ya kwanza, mazito ya njano, tulimwachia ndama, na yalipokuwa meupe yakagawanywa vikombe kwa vikombe, vya huku na vya kule. Ilikuwa katika asubuhi hizo za mwanzo, mama akitafuta kamba jikoni kwa BanaChanda, aliposikia mlio nyuma ya tenga kubwa. Alilisogeza. Alikuwa Pasipoti, shingo tupu, amefura manyoya, na chini yake vifaranga vinachungulia. Kule alikokuwa amejificha akiatamia, kideri hakikumfikia.

BanaChanda alikuwa mlangoni. "Nilitaka kukwambia," alisema.

"Lini?"

"Wakishakua."

Mama alimtazama, kisha akainama akaokota kifaranga kimoja akakiweka shavuni. Sikujua kumbe na yeye alikuwa anafanya hivyo. "Mayai ya mchana ni yako," alisema. "Mimi nipe ya usiku." Waligawana vifaranga nusu kwa nusu, na hao ndio waliolijaza upya jiko letu.

Baba alirudi jioni moja, akakuta banda tupu, jiko tupu na nyumba haina mtu. Jirani alimwonyesha kwa kidole. Alivuka njia akiwa bado na mfuko wa randa na misumeno begani, akatukuta sote uani kwa BanaChanda tunakula ugali kwa maziwa mgando, mama akiwa na ndama amemlalia miguuni. Alisimama, akavua kofia. "Nimeondoka nina ng'ombe mmoja Tanzania," alisema polepole, "nimerudi nina wawili Zambia." Mama alimsogezea kigoda, akamwambia anawe mikono. Tangu siku ile hakuwahi tena kumtania kuhusu mwewe, na mama naye, ingawa hakukiri, ndiye aliyemkataza kila mtu asimkamue Shangazi isipokuwa yeye. Amri ilipoondolewa, mvua zilikuwa zimekatika. Tuliwavusha ng'ombe wetu mchana kweupe, bwana mifugo akiwa shahidi, BanaChanda akitembea mbele kama msimamizi wa bibi harusi. Ndama tulimwita Mukwai, lile neno la heshima la upande wa pili, na birika la maziwa liliendelea kuvuka njia ile asubuhi kwa miaka yote niliyokaa nyumbani.

Leo nina nyumba yangu hapa hapa Tunduma, upande wa juu wa mji. Nafuga kuku wa mayai kwenye banda la wavu. Wanachanjwa kwa wakati, wanataga mahali palipopangwa, na sijazika kuku kwa muda mrefu. Maziwa nanunua dukani yakiwa kwenye pakiti. Wanangu hawajui kufa ganzi kwa umande, na dawati lao halinuki. Mambo hayo sitaki kuyarudisha, na nikisikia mtu akisema zamani kulikuwa kuzuri kuliko sasa huwa namuuliza ni nani aliyekuwa akikata majani kwao. Lakini nyumba yangu ina ukuta, na nyumba ya jirani ina ukuta, na juu ya kuta zote mbili tumepanda vipande vya chupa. Naijua rangi ya gari lake na saa anayotoka kazini. Juzi mwanangu wa mwisho aliniuliza yule mama wa ng'ambo ya ukuta anaitwa nani, nami silijui jina lake. Nikavaa kandambili, nikamshika mkono, tukatoka getini kwenda kumuuliza.